Krimu ya vitamini C haifai kopo la wazi

Ndugu Mhariri,

Ni miaka mingi nasoma gazeti lenu bila kuandika, lakini ile habari yenu ya krimu mpya za antioksidanti, kama vitamini C, imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu kasifu weee jinsi zinavyozima chembe huru, yaani molekuli zisizotulia zinazoharibu seli, ambazo miale ya jua huzizalisha kwenye ngozi. Zimezizima wapi? Kwenye neli ya majaribio! Ngozi ina tabaka la juu la seli zilizokufa, na kazi yake ni kuzuia vitu visipite. Vitamini C halisi haipenyi vizuri mpaka pH ya krimu, yaani kipimo cha uchachu ambacho kikishuka uchachu huzidi, iwe chini ya 3.5. Hilo halikuguswa kabisa.

Mimi nilinunua krimu ya aina hiyo. Kopo la kioo cheupe, mdomo mpana. Kila ukifungua, hewa inaingia, mwanga unaingia, vidole navyo vinaingia. Vitamini C ikikaa na oksijeni inaoksidika yenyewe, na ikishaoksidika haina tena cha kumlinda mtu. Krimu ilikuwa nyeupe, ikageuka njano, halafu pembezoni mwa kifuniko ikawa kama chai ya rangi. Nikairudisha dukani. Muuzaji akanijibu, bila hata kuitazama, kwamba hiyo ndiyo dalili ya kitu cha asili! Mtu anajinyima kuinunua, anajipaka asubuhi na jioni akiamini amekingwa, kumbe anajipaka mabaki. Na tiba yake inajulikana: mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walionyesha, kwenye ngozi ya nguruwe, kwamba asidi feruliki, antioksidanti itokayo kwenye mimea, huzituliza vitamini C na E zisiharibike haraka, na kinga dhidi ya jua ikapanda kutoka mara 4 hadi karibu mara 8.

Halafu hizo lebo. Herufi ndogo mpaka uazime miwani, asilimia hakuna, na vitamini iliyoandikwa kwa wino wa dhahabu mbele ya kopo imetajwa nyuma baada ya manukato, dalili kwamba imo kidogo tu.

Watengenezaji watumie chupa isiyopitisha mwanga, yenye pampu isiyorudisha hewa ndani. Kwenye lebo wachape vipande vitatu vya rangi, nyeupe, njano na kahawia, na chini ya kahawia waandike “Tupa”. Nanyi kabla ya kuchapa sifa nyingine, waulizeni: ilipimwa kwenye ngozi ya watu, na kopo lilikuwa limefunguliwa kwa muda gani?

Msomaji wenu wa siku nyingi