Majina manne chini ya kila wimbo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala unaojirudia katika ukurasa wenu wa burudani: kwa nini bendi za Dar es Salaam hazidumu. Wasomaji wenzangu hutaja uhaba wa kumbi, wengine huzilaumu redio kwa kupiga bongo fleva na singeli kutwa kucha. Sikatai. Lakini mimi ni mpiga besi, maisha yangu yamepita ndani ya bendi, na kinachotuvunja nakiona kikianza mapema zaidi, pale kwenye mazoezi, kabla hata ukumbi haujatafutwa. Wimbo unatengenezwa na watu wanne au watano, na hakuna anayetamka ni mali ya nani.

Ndiyo maana nataka kuizungumzia bendi ya mbali, R.E.M. ya Marekani. Wengi wanaijua kwa "Losing My Religion", wimbo wa 1991 wenye mandolini (chombo kidogo cha nyuzi, jamaa ya gitaa), ambao hata asiyependa roki amewahi kuusikia. Safari yao yote ndiyo inayonivutia.

Walikutana Athens, mji wa chuo kikuu katika jimbo la Georgia. Peter Buck, mpiga gitaa, alikuwa akiuza santuri dukani, na Michael Stipe, mwimbaji, alikuwa mteja wake. Mike Mills wa besi na Bill Berry wa drams walikuwa wakifahamiana tangu shuleni. Mara ya kwanza kupiga mbele ya watu ilikuwa tarehe 5 Aprili 1980, kwenye sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yao, ndani ya kanisa la zamani lililogeuzwa makazi. Mwaka uliofuata wakatoa santuri ndogo kupitia lebo isiyo na jina kubwa, na albamu yao ya kwanza, Murmur, ikatoka 1983. Redio kubwa hazikuwajali. Waliowabeba ni wanafunzi waliokuwa wakiendesha redio za vyuo, pamoja na gari walilozunguka nalo mji baada ya mji, kiingilio cha usiku huu kikinunua mafuta ya kesho. Ilibidi wafike 1987 ndipo wimbo wao ukaingia katika kumi bora za Marekani.

Hiyo ni miaka saba. Bendi ngapi za Sinza na Kinondoni zimefika miaka saba zikiwa na watu walewale?

Wao walifika, na wakaendelea mpaka 2011, kwa sababu ya makubaliano mawili ya mapema. La kwanza, kila wimbo uliandikwa majina ya wote wanne, Berry, Buck, Mills na Stipe, hata kama aliyeuleta ni mmoja, na mirabaha, yaani malipo ya watunzi, ikagawanywa sawasawa. La pili, jambo zito halikufanyika mpaka wote wameridhia. Mmoja akikataa, limekufa hapo.

Matokeo yake yanasikika kwenye muziki wenyewe. Buck hakuwa mtu wa kujimwaga kwa solo ndefu. Alidonoa nyuzi moja moja, akaacha besi ya Mills ipite katikati na kubeba sauti yake. Sikio lililolelewa na Sikinde, bendi yetu ya Mlimani Park, litamwelewa upesi, maana hata kwetu gitaa la solo, la pili na la rizimu hupeana nafasi, hayakanyagani. Anayejua kwamba jina lake limo hata asipopiga solo hana haja ya kugombea nafasi. Mandolini ile iliyowapa umaarufu duniani, Buck alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kuipiga. Na "Everybody Hurts", wimbo wa albamu ya 1992 ambao umewafariji watu wengi sana, sehemu kubwa ya utunzi wake ilitoka kwa Berry, mpiga drams! Katika bendi nyingi nilizozijua mimi, mpiga drams akileta wimbo huambiwa akae nyuma ya vyombo vyake.

Machi 1, 1995, wakiwa jukwaani Lausanne, Uswisi, mshipa wa damu kwenye ubongo wa Berry ulipata hitilafu. Alifanyiwa upasuaji, akapona, na baada ya miezi michache ziara ikaendelea. Alipoamua kuondoka mwaka 1997 aliwaeleza wenzake kwamba, ikiwa kuondoka kwake kutaiua bendi, yuko tayari kubaki. Wakamwachia aende kwa amani, majina yakawa matatu, na nyimbo za nyuma zikabaki na yote manne. Septemba 21, 2011 wakatangaza kwamba wamemaliza kazi. Juni 2024, walipoenziwa Marekani kama watunzi, walisimama tena wote wanne wakapiga wimbo ule wa mandolini. Watu waliogombana kwa fedha hawafanyi hivyo.

Sasa nirudi nyumbani. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikapitia majina ya JUWATA na OTTU mpaka kuwa Msondo Ngoma. Mlimani Park, yaani Sikinde, ilianza 1978. Mwaka 1985 mwenye bendi nyingine, Orchestra Safari Sound, aliwachukua wanamuziki wa Mlimani Park, wakiwemo Muhiddin Maalim Gurumo na Hassan Bitchuka, akaunda International Orchestra Safari Sound. Sitawalaumu waliohama. Vyombo vilikuwa vya shirika au vya tajiri, na mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi. Mwanamuziki hakuwa na hisa hata katika wimbo aliousuka kwa vidole vyake. Silaha yake pekee ya kudai maslahi ilikuwa kuondoka. Mtunzi alikuja na shairi na sauti ya kuimbia, wapigaji wakakaa wakaujenga, wakaenda kuurekodi Redio Tanzania, na mtangazaji akamtaja mtunzi. Aliyebuni kile kipande cha gitaa ambacho mji mzima uliimba kwa mdomo hakutajwa. Naumia kila nikikisikia.

Kuna watakaosema roki si yetu. Waisikilize bendi ya Sunburst, vijana wa Dar es Salaam wa miaka ya 1970, waliotoa albamu ya Ave Africa mwaka 1976. Kazi zao zilikusanywa na kutolewa upya 2016, na lebo ya Uingereza.

Siku hizi vyombo si tatizo kubwa kama zamani, lakini ugonjwa ni uleule. Nimekuwa kwenye bendi ambayo wimbo tuliousuka pamoja gereji kwa mtu ulisajiliwa kwa jina moja. Malipo ya kwanza yalipoingia, bendi ikafa. Hatukuwa maadui, na mpaka leo tunasalimiana, lakini hakuna aliyekubali tena kuleta wazo lake mazoezini.

Najua hoja ya upande wa pili: akiwepo mmoja anayetunga kila kitu, kugawana sawa ni kumwonea. Inawezekana, na bendi kama hiyo ipange mafungu yake. Ila kwa bendi ambayo nyimbo zinazaliwa mazoezini, wote wakiwa na vyombo mikononi, mimi nasimama na wale wanne wa Athens. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inatambua kazi ya watunzi zaidi ya mmoja, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo kwa ajili ya kusajili. Kinachohitajika ni karatasi, kalamu na saini za wote siku wimbo unapokamilika, wakati bado hauna thamani ya shilingi na hakuna wa kumwonea mwenzake wivu.

Kwako Mhariri nina ombi moja. Kila ukurasa wenu unapoandika habari za wimbo mpya wa bendi, tajeni walioutunga na waliopiga, kila mmoja na chombo chake: solo, rizimu, besi, kinanda, drams, tumba. Ni mistari miwili tu. Bendi zitakazoshindwa kuwapa mwandishi wenu majina hayo zitalazimika kwenda kukaa chini na kuulizana.

Mpiga besi,
Kijitonyama, Dar es Salaam