Meno ya kuvumwani hayana seli

Ndugu Mhariri,

Nilifurahi kuona mchoro wa kuvumwani (moss kwa Kiingereza) kwenye ukurasa wenu wa sayansi wiki iliyopita. Mmea huu, ambao si kuvu wala si mwani licha ya jina tuliloupachika, kwa kawaida hutajwa pale tu mtu anapotafuta dawa ya kuutoa ukutani. Ila maelezo yamekosea. Yanasema meno yaliyo kwenye mdomo wa kifuko cha spora, yaani chembe ndogo ambazo mmea huu huzaliana kwazo, ni safu ya seli ngumu.

Mmea mliouchora ni aina ya kuvumwani iitwayo Funaria hygrometrica, na meno yake hayana seli hata moja. Kifuko kikiwa kichanga, chini ya kifuniko kuna tabaka za seli zilizofuatana kama maganda ya kitunguu. Kuta zinazotenganisha tabaka hizo hunenepeshwa pande zote mbili, kisha seli zenyewe hufa. Sehemu nyembamba za kuta huchanika na kupotea. Vipande vilivyonenepa ndivyo tunavyoviita meno. Ni kama kubomoa vyumba vyote ukaacha viambaza vilivyopigwa lipu huku na huku. Na lipu ya upande mmoja hainywi maji sawa na ya upande wa pili, ndiyo maana jino hupinda hewa inapobadilika.

Darasani kwangu tunabandua kifuniko kwa ncha ya sindano na kukitazama kifuko kikiwa kikavu, bila tone la maji. Mwanafunzi mmoja anakipulizia pumzi ya mdomo. Meno yanajikunja, nafasi kati yake zinazibika. Yakikauka yanaachana tena, na spora zinachomoza chache chache. Mwaka jana kijana mmoja wa kidato cha pili alirudi nyuma ghafla, akiapa kuwa kuna mdudu mle ndani.

Haki ya mchoraji nayo niitaje: zipo kuvumwani zenye meno ya seli kamili. Polytrichum commune ina 64, mafupi, yameshikilia utando uliowambwa mdomoni kama ngozi ya ngoma, na spora hupenya kwenye vitundu vya pembeni. Huenda alichanganya.

Lakini idadi haina utetezi. Kwenye mchoro wenu nimehesabu meno 14. Funaria ina 16 ya nje na 16 ya ndani, na kila la ndani limekaa nyuma ya la nje. Kwenye Bryum, kuvumwani wa jamii nyingine, meno ya ndani hukaa katikati ya nafasi za ya nje. Tofauti ndogo kama hiyo ndiyo inayotumika kupanga koo za mimea hii, kazi iliyoasisiwa na mtaalamu wa mimea Johann Hedwig, ambaye kitabu chake kikuu kilitoka 1801, miaka miwili baada ya kifo chake.

Wanafunzi wangu hukata michoro yenu na kuibandika kwenye madaftari. Mkiurudia huu, naomba meno ya nje yawe 16.

Mwalimu wa biolojia,
Lushoto