Kazi kubwa huanza baada ya upasuaji

Kwa Mhariri,

Mjadala wa upasuaji wa kubadili jinsia unapozuka huku kwetu, iwe Kisumu, Kakamega au Nakuru, huishia mlangoni mwa chumba cha upasuaji: ni dhambi au si dhambi, ni pesa ngapi. Sisi tunaowauguza wanawake waliorudi nyumbani baada ya kuundiwa uke ng'ambo, mara nyingi Thailand au India, tuna hoja nyingine. Daktari aliyepasua amebaki mbali, na kliniki ya karibu haijui kidonda hiki kinapaswa kuonekanaje.

Katika njia iliyozoeleka zaidi, ngozi ya uume hutumika kutanda uke mpya ndani, kichwa cha uume hupunguzwa kikawa kinembe pamoja na mishipa yake ya fahamu, na korodani huondolewa. Wengine hutumiwa kipande cha utumbo. Kwa takribani wiki ya kwanza uke hujazwa bandeji na mkojo hupitia kwenye mpira. Vitu hivyo vikitolewa, zamu ya vipanuzi huanza, yaani vijiti laini vya saizi mbalimbali vinavyoingizwa ukeni ili usisinyae.

Hapa ndipo wengi hukwama. Mwili huuchukua uke mpya kama kidonda, na kovu lolote hujikaza linapopona. Usipopanuliwa, uke husinyaa upana na kina, na kina kilichopotea ni vigumu kurudi bila kupasuliwa tena. Ratiba hutofautiana, na karatasi ya daktari aliyepasua ndiyo ya kufuata, lakini kwa kawaida miezi 3 ya kwanza ni mara 3 kwa siku, dakika 10 hadi 30 kila mara. Baadaye hupungua hadi mara moja kwa siku, kisha mara chache kwa wiki baada ya mwaka. Ukijumlisha kuosha na kujipanga, ni kama saa 2 za kila siku. Sasa mwambie anayeishi chumba kimoja na ndugu wanne huko Nyalenda au Kaptembwo apate saa hizo na mlango unaofungika! Kwa maoni yetu, faragha ifikiriwe hata kabla ya nauli.

Namna ya kufanya ni hii. Nawa mikono, osha kipanuzi kwa sabuni isiyo na manukato, lala chali magoti yakiwa yamekunjwa. Paka jeli ya maji kwa wingi. Anza na kile chembamba, ukiingize kwa kukiinamisha kuelekea mgongoni hadi kipite chini ya mfupa wa kinena, kisha kinyooshe na kukisukuma taratibu mpaka kigonge mwisho, ukitulize hapo. Misuli ikikaza, usishindane nayo: vuta pumzi ndefu, subiri, endelea. Mtaalamu wa fizioterapia anayejua misuli ya nyonga husaidia sana. Anayeruka saizi ili amalize haraka hujichana, huogopa maumivu, huacha kwa wiki nzima, na akirudi hata chembamba hakiingii. Mafuta ya kujipaka na ya kupikia yaachwe. Ni magumu kuosha ndani, na pia huharibu kondomu za mpira.

Kuna mambo yanayotisha bure. Uvimbe huchukua wiki nyingi na umbo halisi huonekana kati ya miezi 6 na 12, kwa hivyo picha za mwezi wa kwanza zisimkatishe mtu tamaa. Majimaji ya kahawia au ya manjano hutoka kwa wiki kadhaa, pedi zinahitajika. Mkojo hurushwa ovyo kwa sababu ya uvimbe, na kwa wengi hunyooka baadaye. Ganzi, au mchomo kama wa umeme, ni dalili ya mishipa ya fahamu inayoamka. Nyuzi huachia kidogo upande wa chini karibu na njia ya haja kubwa. Sehemu hiyo kwa kawaida hujifunga ikiwekwa safi. Vinyama vyekundu vinavyotoa damu kidogo ndani si saratani. Muuguzi huvigusa kwa nitrati ya fedha, dawa ya kuvichoma, pengine mara kadhaa.

Ya kukimbilia hospitali ni haya: damu mbichi inayolowesha pedi ndani ya saa moja, homa ya nyuzi 38 au zaidi, usaha wenye harufu kali na maumivu yanayozidi, mkojo kukataa kutoka, mguu mmoja kuvimba au kifua kubana, hasa baada ya safari ndefu ya ndege. Upepo au kinyesi kikitoka ukeni, hiyo huenda ni fistula, yaani tundu kati ya uke na utumbo. Kipanuzi kisitumike hata mara moja zaidi kabla ya kuonwa na daktari.

Maisha ya huku yana mitego yake. Bodaboda isubiri angalau wiki 6, sawa na kubeba mtungi wa maji wa lita 20, ambao ni kilo 20. Asioge ziwani wala bwawani kwa muda huo, na ngono isubiri takribani miezi 3. Dawa kali za maumivu hufunga choo, na kujikamua chooni huumiza nyuzi. Mrenda, maharagwe na maji mengi vitafaa. Sigara huzuia damu kufika kwenye ngozi iliyopandikizwa, na ngozi hiyo yaweza kufa. Kufukiza uke kwa majani ya mitishamba, hata shangazi akisisitiza, hapana.

Matarajio nayo yasemwe wazi. Hakuna hedhi wala mimba. Uke wa ngozi haujilainishi vya kutosha, jeli ni ya kudumu. Ule wa utumbo hutoa ute, wakati mwingine kupita kiasi. Wengi hufika kileleni, lakini huenda ikachukua miezi mingi. Homoni za kike haziachwi, kwa kuwa bila korodani na bila vidonge mifupa hudhoofika. Na asiyetaka kupenywa anaweza kuchagua upasuaji wa nje pekee, usiohitaji vipanuzi. Ajabu ni kwamba wengi hawaambiwi kabisa kwamba njia hiyo ipo.

Kwa wenzetu wa kliniki: Katiba, kifungu cha 43(2), inakataza kumnyima mtu yeyote matibabu ya dharura, na kumwita mwenzako aje ashangae si matibabu. Ombeni ripoti ya upasuaji, na mgonjwa aje nayo. Mlango wa kizazi haupo, kwa hivyo kipimo chake hakihitajiki. Magonjwa ya zinaa bado yapimwe. Tezi dume haiondolewi. Iko mbele ya uke na hupapaswa kupitia humo. Kipimo cha PSA, kile cha damu cha kuchunguza tezi dume, hushushwa na homoni, kwa hivyo namba inayopita kwa mwanamume isichukuliwe kuwa salama kwa mgonjwa huyu.

Wauguzi na wataalamu wa fizioterapia,
Kisumu