Chumvi ya Katwe inakula paipu za breki

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wenzangu tunaobeba chumvi kutoka Ziwa Katwe, hapa magharibi mwa Uganda, kwa pikapu za zamani. Juma lililopita nilikuwa nateremka kuelekea Mpondwe, mpakani na Kongo, na mzigo wa magunia. Nikakanyaga breki, pedali ikazama mpaka sakafuni. Nikapiga mara ya pili, ya tatu, gari likapungua mwendo kidogo tu. Nikarudisha gia, nikavuta breki ya mkono, nikalilaza kwenye ukingo wa udongo. Mbele yangu, hatua chache, akina mama walikuwa wamepanga ndizi zao. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia, lakini usiku ule sikulala.

Tulipoingia chini na tanboi wangu tukaikuta paipu ya chuma inayopeleka oili kwenye magurudumu ya nyuma imetoboka, palepale inaposhikwa na klipu kwenye chesisi. Tundu dogo kama ncha ya sindano. Nikaikwaruza kwa ukucha, ikabanduka magamba. Pikapu ni ya mwaka 1996. Miaka yote hiyo maji ya chumvi yanatiririka kutoka kwenye magunia, tope linakwama nyuma ya klipu, na kutu inakula pale ambapo hakuna anayetazama. Juu rangi inang'aa.

Na dalili niliiona. Wiki mbili nzima oili ya breki ilikuwa inapungua, mimi naongeza tu.

Kilichoniokoa ni kwamba pampu kuu ya breki ina sehemu mbili, moja ya magurudumu ya mbele na moja ya nyuma, kwa hiyo breki za mbele zilibaki. Lakini fundi niliyemwendea alitaka aikunje ile paipu, aigonge kwa nyundo izibe, nirudi barabarani na breki za mbele peke yake. Nikakataa. Ni wangapi wanatembea hivyo, mzigo umejaa na watu wamekaa juu yake? Paipu ya mbele ikipasuka nayo, dereva atashika nini?

Nimebadilisha zote, mbele na nyuma, nikaweka za shaba iliyochanganywa na nikeli, ambazo hazishiki kutu. Gharama ilimeza faida ya safari kadhaa. Wenye magari, mkitoka Katwe osheni tumbo la gari kwa maji mengi, si bodi tu. Na askari wa barabarani wanaokagua taa na matairi, nawasihi wainame na tochi.

Kipande kilichotoboka ninacho ndani ya gari. Anayetaka kukiona anikute stendi ya Bwera asubuhi.

Dereva wa chumvi,
Bwera, Kasese