Heshima ya kulipia meza hatuitaki

Bwana Mhariri, jambo sana na pole na kazi.

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lenu juu kuna kitu kimenikaa kwenye koo. Mwezi uliopita vijana wa komite moja hivi (jina lao naliacha, wanajijua) wamefika kwa kaka yangu mwenye depo ya simenti, wakamwambia papa hongera, umechaguliwa kati ya watu waliotumikia Goma, kutakuwa sherehe kwenye sale ya hoteli, kutakuwa breve (cheti cha heshima) na kikombe, kamera zitakuja, lakini kwanza ulipie meza. Na bei ya meza ni kwa dola. Kaka akacheka, akawauliza Goma nimeitumikia namna gani, mimi nauza simenti tu. Wakamjibu: "Papa, wewe lipa, sababu tutaiandika sisi."

Sijui nicheke ama nilie. Ingieni kwenye biro yoyote ya mutu mwenye pesa hapa mjini mutaona ukuta umejaa hizo breve kwenye kioo, mtumishi bora, baba wa maendeleo, mama wa amani, na ukiuliza majirani wake kwa nyumba kumi yao hakuna hata mmoja anayejua alitumikia nani.

Mimi sipingi kuheshimu watu, hapana, napinga namna wanavyochaguliwa. Anayechagua angekuwa jirani, mutu anayekuona asubuhi na jioni, ungedanganya vipi?

Tuchukue mfano wa Floribert Bwana Chui, mtoto wa hapa hapa Goma. Alikuwa anafanya kazi OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, wakataka kumpa pesa apitishe chakula kilichooza tukile sisi, akakataa, 2007 wakamteka wakamuua, alikuwa na miaka 26 tu. Tarehe 15 juni 2025 Kanisa Katoliki likamtangaza mwenyeheri kule Roma, kwenye Basilika la Mtakatifu Paulo. Karibu miaka 18 imepita hapo katikati, na kabla ya kufika Roma ilibidi waliomjua waitwe watoe ushuhuda, nani alimwona, alisema nini, aliishi namna gani, yeye aliyekuwa anasaidia watoto wa barabarani na wenzake wa Sant'Egidio, jumuiya ya Kikatoliki. Hapo hakuna aliyelipia meza. Sisemi kila mutu wa kartie apitie njia ndefu namna hiyo (tutazeeka wote), nasema tu mashahidi kwanza, kikombe baadaye.

Sasa niwape mutu mwenye mimi ningemchagua. Si mumoja, ni kundi, wale wa klore, dawa ya kuua vijidudu kwenye mayi. Kila mara mayi ya robine inapokatika, na Goma inakatika sana, mwaka 2021 lava ya volkano ya Nyiragongo ilifika hadi Buhene ikaharibu mabomba, na mwisho wa januari 2025 vita ilipoingia mjini, moto wa umeme ulipokatika na pompe zikasimama, watu wote tunashuka ziwani na bidoni. Hapo pembeni ya ziwa unakuta kijana ama mama amesimama na ndoo ya klore na seringe mkononi, kila bidoni ya litre 20 inayopita anavuta klore anatia, anafunga, anatikisa, anasema "mama, ungojee nusu saa mbele ya kunywa", halafu bidoni inayofuata. Watoto wanamsukuma, wengine wanamtukana eti klore inaharibu ladha ya chai, wengine wanakimbia na bidoni bila kutiwa na yeye anawafuata hadi juu ya mawe. Vidole vinababuka. Jioni harufu ya klore anarudi nayo nyumbani. Kolera (kipindupindu) kwetu si hadithi, tunaijua kwa majina ya watu tuliozika, na huyu anayeizuia kwa seringe hakuna hoteli ilishamwita. Wengine hata pesa ya transpo wanaidai bado.

Na wale wa Msalaba Mwekundu waliookota maiti barabarani hiyo hiyo januari kuingia februari, wakati sisi tulikuwa chini ya vitanda. Na motari, wale wa pikipiki, wanaobeba mama mwenye uchungu usiku bila kuuliza bei, wako, ijapo leo tunawatukana motari wote pamoja. Kuna pia ile sanamu ya rangi ya dhahabu ya chukudu, kigari chetu cha mbao cha kusukuma mizigo, kwenye rond-point, muzuri sana, wageni wote wanaipiga picha, lakini haina jina la mutu yeyote, na mwenye chukudu wa kweli anayeshuka na shu na viazi kutoka Kibumba ukimuona anapita hapo chini yake anafukuzwa eti anazuia magari.

Najua watasema ukiwaachia majirani kila mutu ataleta ndugu yake, ama wa kabila lake, ama wa kanisa lake. Kweli, hiyo iko, tusijidanganye. Njo maana ninasema mashahidi wawe watatu na hata mumoja asiwe ndugu wala wa kanisa moja naye, na waseme kitu alichofanya, wapi, lini, si "ni mutu wa roho nzuri". Roho nzuri tunayo sote siku ya msiba. Halafu shefu wa avenyu asome jina mbele ya watu siku ya salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, wote tuko pale na majembe na mifuko ya takataka, mwenye kupinga apinge pale pale. Ukisomewa jina lako hapo na watu wakanyamaza bila kuguna, hiyo inapita breve kumi.

Na zawadi isiwe kikombe cha plastiki kilichopakwa rangi. Minerval (pesa ya masomo) ya mtoto ya trimestre moja, ama deni lake la lopitali lilipwe, ama pea ya bote na gan za mikono kwa wale wa klore, hivyo vitu vinaeleweka. Wafanyabiashara wanaolipia meza walipie hivyo, kaka yangu wa simenti amekubali tayari, nimemkamata kwa neno lake.

Kwenu gazeti ombi langu ni dogo: fungueni kona moja kila wiki, jina moja na avenyu moja, na wale mashahidi watatu muwapigie simu wenyewe mbele ya kuchapa. La kwanza niko nalo, ni mama mumoja wa kwetu Katindo, ila sijamuomba ruhusa na ni mutu anayependa kukataa vitu, basi nitamfuata jumapili akitoka misa, na akikubali nawaandikia jumatatu.

Msomaji wenu,
Katindo, Goma