Wanja wa watoto wachanga nao ukaguliwe

Ndugu Mhariri,

Tangu 2019 TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, ndiyo inayosimamia vipodozi Tanzania Bara, na krimu za kujichubua tunaziona zikikamatwa na kuteketezwa. Wanja sijapata kusikia umekamatwa, ilhali ndio tunaompaka mtoto hata arobaini hajatimiza.

Wanja wa manga, ule unga mweusi unaometameta, mara nyingi ni jiwe lililosagwa lenye madini ya risasi (lead). Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto hujifikicha macho, kisha vidole vinakwenda mdomoni, na tumbo lake hufyonza risasi mara nne hadi tano kuliko la mtu mzima. Marekani hairuhusu wanja wa aina hii kuuzwa kama kipodozi.

Najua bibi na mashangazi watasema: mbona sisi tulipakwa na tumekua? Ni kweli. Ila risasi kidogo haileti homa wala vipele. Hudhoofisha ubongo polepole, na hakuna awezaye kujua mtoto yule angekuwaje darasani kama asingepakwa. Anayeogopa kijicho amsomee mwanawe dua, jicho aliache. Wapo wanaojitengenezea wanja wa masizi nyumbani. Huo angalau si wa jiwe, lakini masizi yana kazi gani kwenye jicho la mtoto wa siku tatu?

Poda nayo huishia puani na kwenye mapafu, hata ikiwa ya unga wa mahindi, na ngozi ya mtoto mchanga haiihitaji. Kuhusu mafuta na sabuni, picha ya mtoto anayecheka kwenye chupa si cheti cha usalama. Geuza chupa usome viambato, na yenye manukato iache dukani.

Wauzaji wa Ngamiani siwalaumu, maana wengi huletewa wanja kwenye vikopo visivyo hata na jina la kiwanda. Naiomba TBS ichukue sampuli sokoni, ipime risasi na kuutangaza redioni wanja utakaofeli. Na wauguzi wa kliniki, mtoto akiletwa kupimwa uzito macho yamekolea wanja, wamweleze mama papo hapo, bila kumfokea mbele ya wenzake.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga