Furu darasani inawezekana

Mhariri, nakuandikia kutoka huku Pennsylvania, Marekani. Darasani kwa binti yangu wanafuga samaki aina ya trauti, walianza na mayai ya rangi ya chungwa madogo kama punje za mtama, maji lazima yawe ya baridi kwahiyo kuna mashine ya kuyapoza, watoto wenyewe ndo wanapima amonia (sumu inayotokana na uchafu wa samaki), halafu msimu ukifika wanaenda kuwaachia mtoni. Juzi kanikataza kumwaga mafuta ya chipsi kwenye sinki, eti naua trauti! Nilicheka ila nimeacha.

Sasa mimi mtoto wa Mwanza, sangara kapandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 akafyeka aina kibao za furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa letu, na sisi shuleni samaki tulichorewa ubaoni tu. Jamani, shule za kwetu nazo zifuge furu darasani, yeye kazoea maji ya joto, hahitaji hata hiyo mashine.

Mzazi, Pennsylvania